Giza la Saa Kumi na Mbili

Wanafunzi wenzangu, kuna mtu ambaye mchana husoma ubao vizuri, lakini jua likizama tukienda nyumbani, yeye hujikwaa njiani ovyo. Wengi humcheka ati ni mzembe. Huenda huo ni upofu wa usiku, dalili ya mapema ya upungufu wa vitamini A.

Jicho hutumia vitamini hii kuona katika mwanga hafifu. Ikizidi kukosekana, jicho hukauka, na madoa kama povu hutokea kwenye sehemu nyeupe. Mwishowe kioo cha mbele hupata vidonda. Upofu wa usiku hutibika haraka, lakini kovu la kioo cha jicho halifutiki.

Mbona basi tukose, na soko la Karatina limejaa karoti? Shida iko kwenye sahani. Githeri ya mahindi meupe na maharagwe hushibisha tu, vitamini A haina. Mahindi ya manjano, ambayo wengi waliyadharau wakati wa njaa ya 1984, ndiyo yaliyo nayo kiasi.

Matone ya vitamini A katika zahanati hupewa watoto wa miezi 6 hadi 59. Sisi tumeshapita, kwa hivyo tegemeo letu ni chakula: managu, terere, sukuma wiki, karoti, mayai, maini, na mukimo wenye majani ya malenge. Mboga zitiwe mafuta kidogo, kwani vitamini hii huyeyuka katika mafuta.

Ukimwona mwenzako akipapasa njia jioni, mshike mkono, kisha mwambie mwalimu apelekwe hospitali. Kinga ni bora kuliko tiba.