Zayd Anampiga Amr: Nani Kampiga Nani katika Sentensi ya Kiarabu?

Anayeanza kusoma nahau ya Kiarabu hachelewi kukutana na Zayd na Amr. Karne nenda karne rudi, vitabu vya nahau vinamtaja Zayd akimpiga mwenzake: *dharaba Zaydun Amran*. Kosa la Amr halijulikani hadi leo.

Kitenzi *dharaba*, yaani alipiga, kimetangulia. *Zaydun* ana sauti *u* mwishoni, dhumma, basi yeye ndiye mtendaji. *Amran* ana *a*, fat-ha, basi kipigo ni chake. Kwa Kiswahili, ukisema "Amr alimpiga Zayd" umegeuza kesi nzima. Kwa Kiarabu unaweza kusema *dharaba Amran Zaydun*, na Amr akabaki yeye yule aliyepigwa. Sibawayh, mwanazuoni wa Basra wa karne ya 8, alieleza kwamba Waarabu hutanguliza kile wanachokijali zaidi.

Lakini yapo majina yasiyoonyesha irabu ya mwisho. *Dharaba Musa Isa*: yote mawili yanaishia kwa *a* ndefu isiyobadilika. Hapo, kama hakuna dalili nyingine, wanahau wanaamua kwamba anayetangulia ndiye mpigaji. Nafasi ya neno inafanya kazi kama kwetu.

Sentensi ya aina ya pili huanza na jina, na haihitaji kitenzi: *al-baytu kabirun*, nyumba ni kubwa. "Ni" haipo. Kinachoibeba maana hiyo ni *al-*, iliyopo kwenye nyumba na isiyokuwepo kwenye ukubwa. Itie pande zote mbili, *al-baytu l-kabiru*, na sentensi imevunjika. Umetaja tu ile nyumba kubwa, msikilizaji bado anangoja habari yake.

Wanafunzi wetu huteleza pia kwenye wingi. Kitenzi kikitangulia hubaki cha umoja, *kataba l-awladu*, hata watoto walioandika wakiwa mia. Sisi tuliozoea "watoto waliandika" tunautafuta upatanisho huo bila kuupata.

Msahafu huchapwa na irabu zote. Magazeti ya Kiarabu kwa kawaida huziacha, na msomaji anatakiwa azitie mwenyewe kichwani. Ukitaka kujua nahau imekuingia kiasi gani, chukua sentensi moja ya gazeti, itie irabu kwa kalamu, kisha mpelekee mwalimu wako aisahihishe.