Kasa na Mayai Yake

Ndugu wanachama, baadhi yenu wenye mashamba yanayoteremka mpaka pwani mmetuuliza: ya nini kukatazwa kuchimba mayai ya kasa, hali kasa mmoja hutaga mengi kuliko kuku wa kienyeji kwa mwaka mzima? Jibu lake mkulima wa karafuu atalielewa upesi, kwani ni khabari ya kungoja.

Apandaye mkarafuu hungoja miaka 6 au 8 hata achume karafuu za kwanza. Kasa hupita miaka 25, pengine hata 40, kabla hajataga yai lake la kwanza.

Dume na jike hukutana baharini. Jike huweza kupandwa na madume kadha wa kadha, na mbegu yao huihifadhi mwilini kwa mataga yote ya msimu ule. Kisha usiku hupanda ufukweni peke yake. Kwa makono ya mbele hujichimbia pa kulaza mwili, na kwa makono ya nyuma huchimba shimo refu mfano wa mtungi. Humo hutaga mayai 100 na zaidi, meupe, ya mviringo, ganda lake laini kama ngozi. Hufukia, huvurugavuruga mchanga ili pasijulikane, akarudi baharini. Watoto wake hatawatazama tena.

Baada ya wiki mbili hivi hurejea kutaga, na hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu. Baadaye hupumzika miaka 2, 3 au zaidi. Basi ule wingi unaotajwa si wa kila mwaka.

Na hurudi pwani ile ile. Mmarekani Archie Carr alianza kuwatia kasa alama mwaka 1955 huko Tortuguero, nchi ya Costa Rica, akaona majike wale wale wakirudi kutaga pale pale baada ya miaka. Wataalamu wa leo wasema kasa huongozwa na sumaku ya ardhi kurudi upande alikozaliwa. Kwa hivyo Misali wakimalizwa wanaotaga, tusitaraji wa pwani ya mbali kuja kushika nafasi yao upesi.

Mayai hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: baada ya saa chache za kwanza, kijusi hujishika kwenye utando upande wa juu wa yai. Ukiligeuza, hufa. Aliyefukua akatazama, akarudisha akidhani hakudhuru kitu, huenda ameua kiota kizima.

Tena kuwa dume au jike hutokana na joto la mchanga. Penye joto la digrii 29 hivi hutoka mchanganyiko. Pakizidi, majike huwa wengi. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kaskazini mwa miamba mikubwa ya Australia kasa wachanga zaidi ya 99 katika kila 100 ni majike. Miti ya ufukweni tunayoikata kuni ndiyo inayoupa mchanga kivuli.

Watoto hutoka usiku kwa pamoja, wakafuata upande wenye mwangaza, ambao kwa desturi ni bahari. Kaa, ndege na samaki huwangoja, na wanaofika utu uzima ni wachache mno.

Ama nyama yake, hiyo ni khatari nyingine. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa hospitali. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, wala kwa macho haijulikani.

Wanachama wanaochambua karafuu usiku karibu na ufuko twawaomba wazibe taa zao upande wa bahari. Akutaye kiota asikiguse. Awaarifu watu wa kamati ya uvuvi ya shehia yake.