Bomba la Ndani ya Dohani

Dohani nyingi za nyumba za Uingereza zilizojengwa kabla ya miaka ya 1960 ni njia ya matofali matupu. Mwashi aliacha nafasi ya inchi 9 kwa 9, yaani kama sentimita 23 kila upande, akaisiriba kwa chokaa, mara nyingi iliyochanganywa na samadi ya ng'ombe. Kanuni za ujenzi za mwaka 1965 zilitaka dohani mpya ziwekewe bomba la ndani, lakini za zamani zilibaki kama zilivyokuwa. Moshi una mvuke wa maji na asidi, na chokaa ikiunywa huoza mwaka baada ya mwaka. Makaa ya mawe huongeza salfa, ambayo huvimbisha viungo vya matofali upande unaolowa zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya dohani kuukuu kuonekana zimeinama juu ya mapaa. Ndani, siriba hubanduka, nyufa hufunguka, na moshi hupenya hadi vyumba vya kulala vya ghorofani. Pamoja nao huingia kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu Afrika Mashariki wanapolala na jiko la mkaa chumbani.

Bomba jipya likishushwa ndani ya dohani kama hiyo huukinga ukuta na moshi, lakini kazi yake kubwa ni kuufikisha moshi juu ungali moto. Moshi haupandi kwa nguvu zake. Husukumwa na hewa baridi ya nje, iliyo nzito kuliko hewa ya moto dohanini. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 10 za Selsiasi ina uzito wa kilo 1.25 hivi, ikifika nyuzi 150, uzito hushuka hadi kilo 0.83. Katika dohani ya mita 5 tofauti hiyo huzaa mvuto wa paskali 20, na majiko mengi ya kuni huhitaji kama 12 tu. Moshi ukipoa hadi nyuzi 60, mvuto hushuka chini ya paskali 10, na jiko huanza kutema moshi sebuleni.

Ubaridi una hatari nyingine kubwa zaidi. Kuni zisipoungua sawasawa hutoa mvuke wa lami, ambao huganda ukikuta ukuta wenye joto chini ya nyuzi 120 hivi. Mwanzoni hayo ni masizi mepesi yanayofagilika. Baadaye huwa magamba meusi, na mwishowe utando mgumu unaong'aa, usiotoka kwa ufagio. Utando huo ukishika moto, joto la dohani linaweza kupita nyuzi 1,000, na hata bomba zima la udongo hupasuka. Mchangiaji mkubwa ni kuni mbichi. Kuni za kuchoma zinatakiwa zisizidi unyevu wa asilimia 20, ilhali nusu ya uzito wa mti uliokatwa karibuni yaweza kuwa maji.

Kwa hiyo ukubwa wa bomba si jambo la kukisia. Njia ya inchi 9 kwa 9 ina eneo la sentimita za mraba 520 hivi. Bomba la kipenyo cha milimita 150, la kawaida kwa jiko la chuma lenye mlango, lina 177. Moshi uleule hupita humo kwa kasi karibu mara tatu, usipate muda wa kupoa. Meko ya wazi ni habari nyingine, kwa kuwa huvuta hewa nyingi ya chumba pamoja na moshi: ikiwekewa bomba la milimita 150 itajaza moshi nyumbani. Hata meko ndogo, yenye mdomo wa milimita 500 kwa 550, huhitaji kipenyo cha milimita 200. Kwa meko kama hizo mafundi wengine hushusha mpira mrefu dohanini, wakaujaza hewa, wakamimina zege jepesi kuuzunguka. Zege likikauka, mpira hutolewa upepo na kuvutwa nje.

Kazi ya bomba la chuma huanza kwa kufagia, kwani lami ikiachwa nyuma ya bomba hubaki mahali pasipofikika tena. Urefu hupimwa kwa kamba yenye uzito. Fundi aliye juu ya paa huteremsha bomba la tabaka mbili la chuma kisichoshika kutu, na mwenzake aliye mekoni hulivuta kwa kamba iliyofungwa kwenye koni ya mbele. Mishale iliyochapwa juu yake lazima ifuatwe: tabaka la ndani limepandana ili majimaji yateremke hadi motoni, na bomba likipinduliwa, majimaji hayo hupenya katikati ya tabaka na kulila. Juu huning'inizwa kwa kibano na kuvishwa kofia ya kuzuia mvua na ndege. Chini huunganishwa na jiko kupitia bamba linaloziba koo la dohani. Bomba la mita 8 likipashwa nyuzi 300 hurefuka kama sentimita 4, na mikunjo yake ndiyo inayoumeza urefu huo.

Nafasi inayobaki hujazwa vamikulaiti, au bomba huzungushiwa sufi ya mawe. Kuiruka hatua hii ili kupunguza gharama ni uamuzi mbaya, hasa kwa dohani ya ukuta wa nje, inayopigwa na baridi pande tatu. Kwa kuni, chuma cha daraja 316 hutosha. Anayechoma makaa ya mawe huhitaji 904L, kwa sababu salfa na klorini hutoboa chuma hafifu.

Mwishoni huwashwa kidonge cha moshi, kilele kikazibwa, na fundi hukagua vyumba vyote akitafuta uvujaji. Tangu Oktoba 2010, jiko jipya la kuni nchini Uingereza lazima liambatane na king'ora cha kaboni monoksidi. Bomba hufagiliwa angalau mara moja kwa mwaka, kwa brashi ya plastiki, maana nyaya za chuma huukwaruza uso wake. Likitoboka haliwekwi kiraka. Hutolewa lote na kushushwa jingine.