TUSHUKE JOZANI

Wengi wetu tumepita Jozani. Tumepita ndani ya daladala, tukitoka mjini kwenda Paje, Jambiani au Makunduchi. Gari likifika kwenye matuta linapunguza mwendo. Abiria wanatazama nje, wanawaona kima juu ya miti, wanacheka kidogo, safari inaendelea. Kushuka hatushuki. Tunasema, "Pale ni pahali pa watalii."

Sisi nasi tulikuwa tukisema hivyo hivyo. Siku moja tukashuka. Leo tunaeleza tulichokiona na sababu zake, ili nawe ukishuka ujue unatazama nini.

Jozani iko kiasi cha kilomita 35 kutoka Mjini Unguja, upande wa kusini-mashariki. Tangu mwaka 2004 msitu huu, pamoja na sehemu ya Ghuba ya Chwaka, ni Hifadhi ya Taifa. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 50. Kiingilio kipo, lakini mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje. Ukishalipa unapata mtu wa kukuongoza. Muulize maswali, usione haya. Ndiyo kazi yake.

Kutembea kwenyewe si kazi ngumu. Hakuna mlima wa kupanda. Ardhi ni tambarare na njia imesafishwa. Ukienda taratibu, ukisimama hapa na pale, mzunguko wa msituni unachukua kama saa moja. Hata bibi mwenye goti bovu ataweza, mradi asiharakishwe. Simba hakuna, tembo hakuna. Chui wa Unguja alisakwa sana miaka ya 1960, na wazee wana hadithi zake nyingi, lakini hizo si za leo. Nyoka wapo, kama walivyopo mashambani kwetu. Basi vaa viatu vya kufunika mguu, usiache njia, wala usitie mkono shimoni. Siafu ukiwakuta njiani, ruka upite. Usisimame kuuliza.

MITI INAYOSIMAMA MAJINI

Jambo la kwanza tuliloliona ni ubaridi. Barabarani jua lilikuwa kali. Tulipoingia hatua chache tu, tukawa kivulini, na hewa ina unyevu kama ya kisimani. Mmoja wetu akauliza: kwa nini hapa miti ni mirefu hivi, na kule kwetu uwandani ni vichaka tu?

Jibu liko chini ya miguu. Uwanda ni ardhi ya mawe ya matumbawe. Udongo wake ni mchache, upo kwenye vishimo vya mawe tu, na mvua ikinyesha maji yanazama mara moja. Jozani ni bonde. Upande wa kaskazini kuna Ghuba ya Chwaka, na upande wa kusini bahari inaingia kwa Pete na Uzi. Katikati ardhi imeshuka, na udongo umejikusanya ukawa mwingi. Maji ya chini ya ardhi, yaani yale tunayoyakuta tukichimba kisima, hapa yako karibu sana na juu. Wakati wa masika yanapanda mpaka yanatokeza, na pahali pengine msitu unasimama ndani ya maji. Wakati huo njia nyingine huwa na tope, kwa hiyo anayetaka kutembea kwa raha aende kiangazi.

Miti ya hapa ni ile inayovumilia miguu kulowa. Tuliona mitondoo mikubwa. Mtondoo wazee wanaujua kwa kuchonga vyombo vya bahari. Tuliona michikichi, na mikindu ile ile inayotoa ukindu wa mikeka. Kina mama tuliokuwa nao walisimama kwenye mikindu muda mrefu kuliko kwenye kitu kingine chochote. Kukata hairuhusiwi. Walitazama kwa macho.

KIMA PUNJU

Basi tufike kwa kima, kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji maarufu. Kima punju ana mgongo mwekundu, uso mweusi, na nywele nyeupe zilizosimama kichwani kama mzee aliyetoka usingizini. Duniani kote, kwao asili ni Unguja tu. Huwezi kumkuta msituni Kenya, wala Bara, wala Kongo. Zamani ilidhaniwa wamebaki kama 2,000. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha ni zaidi ya 5,800. Hata hivyo bado anahesabiwa kuwa mnyama aliye hatarini.

Punju maana yake ni sumu. Watu wa zamani waliamini kima huyu ana sumu, na eti mbwa akila nyama yake ananyonyoka manyoya. Ukweli ni kwamba ana harufu yake mwenyewe, si nzuri sana. Huenda jina hilo baya limemsaidia, kwani nani atamla mnyama wa sumu?

Tulimwona mtoto mmoja akitaka kumtupia kima ndizi mbivu. Kiongozi wetu akamzuia upesi. Sisi tukadhani ni ukali tu. Kumbe ana sababu. Tumbo la kima punju lina vyumba, kama la ng'ombe. Ndani yake mna vijidudu vidogo vinavyochachusha majani. Chakula chake ni majani machanga, maua, na matunda mabichi. Tunda bivu lina sukari nyingi. Sukari hiyo ikiingia tumboni mwake inachachuka kwa haraka mno, tumbo linajaa gesi na ukali, naye anaugua. Kwa hiyo ndizi tunayompa kwa mapenzi ni kumdhuru. Tena maradhi yetu ya mafua na kifua yanaweza kumpata. Simama mbali naye, kiasi cha hatua nne au tano, hata akija karibu yeye mwenyewe.

Jambo jingine la ajabu: kima punju anakula makaa. Anayaokota kwenye tanuri za zamani za makaa na majikoni. Wataalamu walieleza kuwa majani ya mwembe na mkungu anayoyala yana vitu vya kumdhuru, na makaa yanavinyonya vitu hivyo tumboni. Nani alimfundisha dawa hii, hatujui.

JE, KIMA ANATUMALIZIA NAZI?

Swali hili tuliulizwa na mzee mwenye shamba karibu na msitu, na aliuliza kwa uchungu. Anasema kima wanaangua vidaka vyake kila siku.

Tutasema kweli kama ilivyo. Miaka ya 1990 watafiti walihesabu minazi katika mashamba ya karibu na Jozani. Ni kweli kwamba kima punju anakula nazi changa. Lakini mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kukomaza, na vingi huanguka vyenyewe. Watafiti hawakuona kwamba mavuno yamepungua kwa sababu ya kima. Utafiti huo ulikuwa wa nazi. Haukusema kwamba maharage na tungule ziko salama. Tena yuko kima mwingine, mwenye rangi ya kijivu cha giza, ambaye tumbo lake halichagui. Huyu matunda mabivu anayala na mashamba anayaingilia sana. Mara nyingi deni lake analipishwa punju.

Sehemu ya fedha za viingilio hurudi kwa vijiji vya jirani na kwa wenye mashamba yanayoliwa. Wakulima wanasema hazitoshi. Sisi tunaona hoja yao ina haki: asiyelala akilinda shamba ni mkulima, si mtalii. Ndiyo maana ni vizuri tuujue msitu huu na hesabu zake, tupate kuuliza vizuri kwenye mikutano ya kijiji.

Na yale matuta barabarani? Kabla hayajawekwa, watafiti walikadiria kuwa magari yaliua kima punju mmoja kila baada ya wiki 2 au 3. Baada ya matuta vifo vilipungua. Dereva akinung'unika, mweleze.

KWENYE MIKOKO

Ng'ambo ya barabara, upande wa Pete, kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko. Unatembea bila kukanyaga tope. Maji yakijaa, utaona samaki wadogo wakipita kati ya mizizi. Maji yakitoka, utaona kaa na matundu yao. Samaki wengi tunaowavua wakubwa wamekulia pahali kama hapa, kwa sababu mizizi inawaficha.

Mkoko wenyewe unasimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ikawa ndefu kama mkuki, kisha ikadondoka na kujichoma kwenye tope, au ikachukuliwa na maji mpaka pahali pengine. Mchu una namna yake. Mizizi yake inachomoza juu ya tope kama vidole, ipate kuvuta hewa. Na chumvi ya bahari inaitoa kwa njia ya majani. Tuliambiwa tuguse jani la mchu kwa ulimi. Tukagusa, wote, na yule mzee wa minazi pia. Ni chumvi kweli.

Ukienda, nenda asubuhi au alasiri, kwa kuwa adhuhuri kima hupumzika. Chukua maji ya kunywa. Jioni usichelewe kurudi barabarani, maana daladala hupungua.