V-Power kwenye Vitz: Hesabu ya Elfu Moja

Wenye magari madogo wengi hawajazi tangi. Wanasimama kwenye pampu, wanateremsha kioo na kusema, "Weka ya elfu moja." Petroli ya kawaida ikiwa shilingi 180 kwa lita, hiyo elfu ni lita tano na nusu hivi. Pampu ya pembeni, ile yenye mafuta ya jina kubwa, ikiwa shilingi 200, elfu ileile inatoa lita tano tu. Vitz ya cc 1000 inayokwenda kilomita 14 kwa lita katika foleni za Nairobi itafika kilomita 78 kwa mafuta ya kwanza. Ili ifike hapohapo kwa mafuta ya pili, lazima ianze kwenda kilomita 15.6 kwa lita. Yaani unadai nafuu ya asilimia 11, na bado hujapata faida yoyote. Umerudi tu pale ulipokuwa.

Bei hizo nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi, maana za kweli hubadilika kila mwezi. Kenya, mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli ya kawaida tarehe 14. Tanzania, mamlaka ya huko, EWURA, hutoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Petroli ya daraja la juu kama V-Power inayouzwa kwenye vituo vya Shell haimo katika bei za EPRA, kwa hiyo muuzaji hujipangia yake. Ukifika kituoni kwako, gawanya bei ya juu kwa bei ya chini. Ukipata 1.11, gari lako linatakiwa kuongeza kilomita 11 kwa kila 100. Ukipata 1.06, linatakiwa kuongeza sita. Swali la kumuuliza mwenye kukushawishi ni hilo tu: hizo kilomita zitatoka wapi?

Zinadhaniwa kutoka kwenye oktani. Namba ya oktani hupima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kuwaka yenyewe nje ya zamu yake. Ndani ya silinda, pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Petroli dhaifu ikibanwa sana, sehemu yake hujiwasha kabla mwali wa plagi haujaifikia, na injini hugonga: mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa ukipanda mlima kwa gia kubwa. Kugonga huko kukiendelea kwa muda mrefu huharibu pistoni. Oktani kubwa huzuia hilo, na kazi yake inaishia hapo. Lita ya petroli ya oktani 100 haina nishati ya ziada ukiilinganisha na lita ya oktani 91. Kama injini haikuwa inagonga, hakuna kilichozuiwa.

Sasa litazame gari lenyewe. Vitz, Passo, March, Demio na Fit nyingi zilizo barabarani kwetu zilitengenezwa Japani kwa ajili ya Wajapani, zikatumika huko miaka kadhaa, ndipo zikapakiwa melini kuja Mombasa au Dar es Salaam. Japani kuna petroli za aina mbili. Ya kwanza ni regular, ambayo kiwango chao kinataka isipungue oktani 89. Ya pili ni haioku, isiyopungua 96. Vigari hivi vilipangiwa ile ya kwanza. Hata Demio ya 2011 yenye injini ya SkyActiv ya lita 1.3, iliyokuwa ikibana hewa kwa 14 kwa 1, kiwango ambacho wakati huo kilishangaza hata mafundi, ilipangiwa regular. Petroli ya kawaida inayouzwa Kenya, tunayoiita super, ni ya oktani 93 au zaidi. Kwa maneno mengine, mhudumu wa pampu akikutilia ile ya bei nafuu, Vitz yako tayari inakunywa mafuta yenye oktani kubwa kuliko ilivyoahidiwa na aliyeitengeneza.

Anayefuatilia video za Wamarekani atachanganyikiwa kidogo hapa, kwa kuwa namba zao ni ndogo. Petroli yao ya kawaida ni 87. Wao huchukua vipimo viwili vya oktani na kuandika wastani wake, na hiyo 87 ni sawa na 91 au 92 kwa kipimo kinachotumika kwetu. Mafuta yao si mabaya hivyo.

Lakini majaribio yao yana faida kwetu. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha AAA kilipima magari yaliyopangiwa petroli ya kawaida, likiwemo la silinda nne, kwa kuyatilia mafuta ya daraja la juu. Nguvu haikuongezeka kwa maana, matumizi ya mafuta hayakupungua kwa maana, na moshi haukuwa safi zaidi kwa maana. AAA ilikadiria kwamba madereva wa Marekani walikuwa wamepoteza dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa kununua kisichohitajika. Mwaka uliofuata walipima magari ambayo mtengenezaji wake anashauri, bila kulazimisha, petroli ya daraja la juu. Hapo matumizi yalipungua, kwa wastani wa asilimia 2.7. Linganisha na ile 11 tunayoidai kwa Vitz.

Sababu iko kwenye kompyuta ya gari. Injini ina sensa inayosikiliza mlio wa kugonga. Ikiusikia, kompyuta huchelewesha cheche kidogo. Usipokuwepo, huirudisha mbele, lakini hadi mpaka uliowekwa kiwandani. Vitz imewekewa mpaka wa oktani 90 hivi. Ukiipa 98, haina mahali pa kuipeleka hiyo ziada. Wanaosema gari limekuwa jepesi baada ya kubadili mafuta siwaiti waongo, ila ningependa kujua kama siku hiyo hawakujaza na upepo kwenye magurudumu.

Upande wa pili wa biashara hii una hoja nzito zaidi, nao ni usafi. Petroli za daraja la juu huongezewa viambata vya kuosha pua za kunyunyizia mafuta na vali. Hapo kuna ukweli. AAA hiyohiyo ilipima petroli zenye viambata vingi na zile zenye kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria, na baada ya maili 4,000 za majaribio, zile duni ziliacha masizi mara 19 zaidi kwenye vali. Tofauti hiyo ni kubwa. Ila tazama kilicholinganishwa: viambata, si oktani. Kampuni kubwa za mafuta huweka viambata hata kwenye baadhi ya petroli zao za bei ya kawaida, kwa hiyo muulize msimamizi wa kituo kabla ya kudhani kwamba usafi unauzwa kwenye pampu moja tu. Na kama unahofia masizi yaliyokwisha kujikusanya kwenye gari lililotoka mnadani Japani, tangi moja la V-Power kila baada ya miezi michache, au chupa ya dawa ya kusafisha inayomiminwa tangini, ni gharama ya mara moja. Hakuna haja ya kuilipa kila Jumatatu.

Kuna kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Demio za SkyActiv, na Nissan Note zenye supachaja, hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo hata iwe na sabuni ya aina gani haiwezi kuziosha. Pua zenyewe zinaweza kufaidika. Vali zitasubiri fundi.

Nadhani wengi wanaolipa shilingi 20 za ziada hawafikirii oktani wala sabuni. Wanaogopa mafuta ya taa. Hofu hiyo ina historia. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, kuchanganya kulikuwa na faida nono, na mafuta ya taa yana oktani duni kiasi kwamba injini hugonga hata ikiwa haijabeba mzigo. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili mchanganyaji agundulike. Kenya ilianzisha mwaka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kupunguza tamaa hiyo. EPRA hupima sampuli vituoni na kuchapisha majina ya vilivyokutwa na makosa. Orodha hiyo inafaa kusomwa kuliko bango lolote la barabarani. Mtu akinunua V-Power kwa sababu hiyo, analipa ili awe na imani, na imani hiyo inapatikana kwa bei ya super kwenye kituo chenye jina, chenye magari mengi na mafuta yasiyolala siku nyingi ardhini. Lipa kwa M-Pesa au dai risiti, ili gari likikwama jioni uwe na ushahidi wa ulikojaza asubuhi.

Turudi kwenye pesa. Kilomita 1,000 kwa mwezi, kwa kilomita 14 kwa lita, ni lita 71. Mara shilingi 20, ni zaidi ya 1,400 kwa mwezi, na kwa mwaka inapita 17,000. Kwa fedha hizo Vitz humwagiwa oili nzuri na kubadilishiwa filta zaidi ya mara moja, plagi mpya zikiwa juu. Na matumizi ya mafuta yanapozidi kwenye magari haya, mara nyingi chanzo kiko huko. Kuna oili nzito ya 20W-50 iliyotiwa kwenye injini iliyoandikiwa 0W-20 au 5W-30, kwa sababu eti gari la Afrika linataka oili nzito. Kuna filta ya hewa iliyojaa vumbi, na breki inayoshika gurudumu moja bila dereva kujua. Na kuna lile la themostati. Fundi anaing'oa gari likichemka mara moja, harudishi mpya, na mwenye gari anafurahia geji inayokaa chini. Kumbe injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi yenye baridi, na inaendelea kumimina petroli ya ziada safari nzima. Gari la namna hiyo ukilitilia V-Power, unamwaga mafuta ya bei ghali mahali pa mafuta ya bei nafuu.

Wanaotaka kujipimia wajaze tangi mpaka pampu ikatike yenyewe, waanze upya kihesabu cha kilomita, waendeshe mpaka karibu kuisha, wajaze tena kwenye pampu ileile na kugawanya kilomita kwa lita. Tangi mbili au tatu za kila aina, njia ileile. Namba inayoonyeshwa kwenye dashibodi isiaminiwe sana, hupenda kumsifu mwenye gari.

Kuna magari madogo ambayo hesabu yote hii haiyahusu. Nissan Juke ya 16GT yenye tabo na Suzuki Swift Sport zilipangiwa haioku, na magari ya Ulaya kama Golf ya 1.4 TSI huandikiwa 95. Ukiyatilia oktani ndogo, kompyuta itayalinda kwa kupunguza nguvu, na katika joto na milima utaisikia tofauti. Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko. Kikiwa cha Kijapani, kielekezee kamera ya simu ikutafsirie. Kikisema regular, jambo limekwisha. Vigari vikongwe vya kabureta, Starlet za zamani kwa mfano, havina sensa ya kusikiliza mlio wa kugonga. Kimoja kikianza kugonga kwa masizi ya miaka, oktani ya juu inaweza kukituliza wakati mwenyewe anatafuta fedha za kufungua kichwa cha injini. Na anayetaka kununua Juke yenye tabo kwa sababu inauzwa bei ya karibu na Note, aziongeze hizo 17,000 za kila mwaka, na huenda zaidi kwa kuwa injini yake hunywa zaidi, kabla ya kulipa amana.