MAFUTA YANAYOENDESHA MAGURUDUMU

Trekta ikifika kijijini, wengi hutazama magurudumu na plau. Wachache hutazama mipira myeusi iliyo nyuma. Ndani ya mipira hiyo mna mafuta ya haidroliki. Mafuta haya hayaungui kama dizeli. Kazi yake ni kupeleka nguvu.

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake, kisha sukuma mpini. Mpini utashuka, maana hewa hukubali kushindiliwa. Pampu ikijaa maji, mpini haushuki. Maji hayakubali. Mafuta nayo hayakubali. Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule.

Mwaka 1936 trekta ya Harry Ferguson, fundi wa Ireland, ilianza kuuzwa. Plau ilishikwa mahali patatu, na mafuta ndiyo yaliyoiinua. Dereva alivuta wenzo mdogo tu. Hata leo trekta nyingi hushika plau hivyo.

Mafundi wengine wakauliza: kama mafuta yanainua plau, kwa nini yasizungushe magurudumu? Mwaka 1954 trekta ya majaribio ya namna hiyo ilionyeshwa Uingereza. Mwaka 1967 kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuziuza. Injini huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta, nayo huzungusha mota ya magurudumu. Dereva huongeza au hupunguza mwendo bila kubadili gia. Mashine nyingi za kuvuna mpunga na ngano huenda hivyo leo. Trekta nyingi za kulima bado hutumia gia, nami naona ni sawa. Mafuta yakisukumwa hupata moto, na nguvu nyingine hupotea humo.

Sasa sikilizeni, hasa vijana mnaopenda kusogelea mashine. Plau iliyoinuliwa imeshikwa na mafuta tu. Mpira ukipasuka, itaanguka. Usiingie chini yake. Dereva aishushe kwanza, azime injini.

Tena, usipapase mpira kwa mkono kutafuta mahali panapovuja. Mafuta yakitoka katika tundu dogo hupenya ngozi kama sindano. Tumia kipande cha boksi. Mtu akichomwa, alama huwa ndogo na maumivu ya kwanza huweza kuwa machache. Asingoje kesho. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Mwambieni daktari kuwa ni mafuta ya haidroliki yameingia mwilini, kwa kuwa mara nyingi hulazimika kumpasua upesi ili kuokoa mkono.