Jihadharini na Maji Yaliyo Karibu na Mtoto

Hapana mzazi asiyejua hatari ya moto. Tangu mtoto aanzapo kutambaa, mama humwondoa penye mafiga, na mtoto mwenyewe, akiisha kuonja joto mara moja, hujifunza kujitenga. Lakini maji hayamwonyi mtoto. Ni baridi, yang'aa, yachezeka, na kila siku yeye huogeshwa kwayo. Kwa sababu hiyo mtoto huyaendea kwa furaha, na watu wazima nao huyaona kuwa ni rafiki wa nyumba. Makala haya yaeleza jinsi maji hayo yauavyo, na mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya pasipo gharama kubwa ili kuwalinda watoto wadogo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza umri wa miaka 5. Katika kila watu 10 waliokufa, 9 walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo au cha wastani. Katika mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kuwa tarehe 25 Julai ya kila mwaka iwe siku ya kuwakumbusha watu wote wajibu wa kuzuia vifo hivyo.

JINSI MTOTO AFAVYO MAJI

Wahenga walisema kwamba mfa maji haishi kutapatapa. Yumkini walikuwa wakimtazama mtu mzima, kwa maana mtoto mdogo sivyo alivyo. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, na mikono yake haijapata nguvu. Akiinama kutazama ndani ya ndoo, kichwa humvuta chini, miguu huinuka, naye hawezi kujirudisha. Pua na kinywa vikiwa ndani ya maji hawezi kulia, kwa kuwa kilio chahitaji pumzi. Maji ya kina cha inchi 2 tu, yaani sentimita 5, yatosha kumwua. Tena jambo lenyewe ni la dakika chache. Ubongo ukikosa hewa kwa muda huo huanza kuharibika, hata mtoto akiokolewa baadaye aweza kubaki na kilema cha maisha. Basi mzazi asemaye moyoni mwake, "Nitamsikia akilia," ajitumainisha bure.

Hatari hiyo haiko baharini na mitoni tu. Iko katika ndoo iliyoachwa mlangoni, beseni la kufulia nguo, pipa la kukingia maji ya mvua, tangi lililochimbwa ardhini na shimo la choo lisilofunikwa. Katika Machakos, Kitui na Makueni wakulima wengi wamechimba mabwawa madogo ya kuwekea maji ya mvua, na baadhi yao wameyatandika plastiki ili maji yasinywewe na ardhi. Mabwawa hayo yana faida kubwa kwa shamba, lakini plastiki iliyolowa huteleza mno, na hata mtu mzima aliyetumbukia hushindwa kupanda. Katika Kiambu machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi hujaa maji wakati wa mvua. Kando ya Ziwa Victoria watoto huwafuata mama zao waendapo kufua na kuchota maji. Na masika yakizidi, kama ilivyokuwa katika mwaka 2024, mito hufurika, na maji huingia hata mahali pasipokuwa na maji jana yake.

Ajali nyingi hutokea mchana, katika saa za kazi. Mama yuko jikoni, au amekwenda kuteka maji, au amembeba mwingine mgongoni. Mtoto wa miaka 2 ameachwa na dada yake wa miaka 6, naye dada amevutwa na mchezo. Msiba ukitokea, watu hupenda kumlaumu mama. Hiyo si haki, kwa maana kazi alizopewa ni nyingi kuliko macho yake mawili. Tukitaka kuwalinda watoto, haitoshi kumwambia mama awe macho. Yatupasa kuweka mambo matatu: kizuizi, mlinzi na ujuzi.

KWANZA: KIZUIZI

Kizuizi ni kitu chochote kinachomkawiza mtoto asifike majini kabla ya mtu mzima kugundua. Kizuizi hakichoki, wala hakisahau.

Ndoo, karai na beseni vimwagwe maji mara baada ya kazi, kisha vifudikizwe. Maji ya kutumia yawekwe katika mitungi yenye vifuniko vya kukaza. Pipa na tangi vifunikwe kwa kitu kizito ambacho mtoto hawezi kukisukuma. Kisima kijengewe ukuta, kiwekwe mfuniko, na mfuniko ufungwe kwa kufuli. Tundu la choo liwe na kifuniko, na mlango wake ufungwe kwa komeo lililo juu ya kimo cha mtoto.

Bwawa la shamba lizungushiwe ua pande zote, wenye kimo kisichopungua futi 4. Miti iliyosimamishwa karibu karibu au seng'enge yafaa, mradi mtoto asiweze kupenya wala kupanda. Tena ni vizuri kufunga kamba yenye mafundo katika nguzo imara ukingoni, iteremke hadi majini, ili aliyetumbukia apate pa kushika.

Mahali pasipowezekana kuzungushia maji ua, mzungushieni mtoto. Kibao kilichowekwa mlangoni, au kiua kidogo uani anamochezea, humzuia asitoke peke yake.

PILI: MLINZI

Mlinzi wa mtoto awe mtu mzima, au kijana mwenye akili timamu, naye asiwe na kazi nyingine kwa wakati huo. Awe karibu kiasi cha kuweza kumfikia mtoto kwa mkono. Mama anayemwogesha mtoto akiitwa na mgeni au simu ikilia, asimwache majini hata kwa dakika moja. Amtoe, amfunike, aende naye. Kwenye karamu na matanga, ambapo kila mtu hudhani mwenziwe anawatazama watoto, yafaa mtu mmoja atajwe kwa jina, kisha apokewe na mwingine baada ya saa moja.

Mkono mmoja haulei mwana. Katika vijiji vya Bangladesh, ambako mabwawa yako karibu na kila nyumba, wanawake walifundishwa kuwakusanya watoto wasiofika umri wa shule na kuwalea pamoja tangu saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, ndizo saa ambazo mama zao wana kazi nyingi. Uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kuwa vifo vya maji vilipungua sana miongoni mwa watoto hao. Jambo hilo laweza kuigwa na majirani watano au sita, kila mmoja akishika zamu ya siku yake.

TATU: UJUZI

Watoto waliofika umri wa miaka 6 wafundishwe kuogelea na kuelea mahali salama, chini ya mwalimu. Wapandao mashua wavishwe majaketi ya kuokolea yanayowatosha. Na watu wote wa nyumbani wajifunze kuokoa.

Asiyejua kuogelea asijitupe majini, maana mara nyingi hufa wawili badala ya mmoja. Apige kelele ya kuita watu, anyoshe mti mrefu, au atupe kamba iliyofungwa mtungi mtupu wa plastiki uliokazwa kifuniko, kwa kuwa mtungi huo huelea na kumbeba mtu.

Mtoto akiisha kutolewa, asining'inizwe kichwa chini, wala asizungushwe, wala asikandamizwe tumbo. Kufanya hivyo ni kupoteza muda. Kama hapumui, mlazeni chali mahali pagumu, mwinueni kidevu, mmpulizie pumzi 5 huku mkitazama kifua kikiinuka. Mtoto mchanga apuliziwe kinywa na pua kwa pamoja. Mkubwa azibwe pua, apuliziwe kinywani. Asipozinduka, kandamizeni katikati ya kifua, upande wa chini wa mfupa, mara 30, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo. Kwa mchanga tumieni vidole gumba viwili, na kwa mkubwa kitako cha kiganja. Kifua kibonyee kwa theluthi ya unene wake, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Msikome mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kucheka, apelekwe hospitali, kwa maana mapafu yaweza kumdhuru baadaye. Mafunzo haya hufahamika zaidi kwa kutenda, basi mwombeni mhudumu wa afya wa kwenu awaonyeshe.

Maji yakimwagika hayazoleki, na mtoto aliyekufa harudi. Kwa hiyo leo, kabla jua halijatua, kila mwenye nyumba na azunguke boma lake, akiinama kwa kimo cha mtoto wake, atazame kila chombo na kila shimo lenye maji. Linalomwagika alimwage, linalofunikwa alifunike, na linalotaka ua aanze kukata miti ya ua huo kesho asubuhi.